Lengalenga za Dada Josefina

Mushasha, Gitega, Jumanne asubuhi

Baba Neema mpenzi,

Huku baridi na mvua. Natumaini jua la Muyinga linatukaushia maharage.

Unajua ninavyomwonea wivu dada Josefina. Tulirudi pamoja kutoka ukimbizini kupitia mpaka wa Kobero, sote wembamba, kisha amani ikamnenepesha yeye peke yake. Jana nilimsindikiza kuchukua majibu ya damu. Daktari akamwambia, "Mama, vimeng'enya vya ini vimepanda kwenye damu yako. Unene umefikisha mafuta mpaka kwenye ini. Ukipunguza uzito, huenda vikashuka." Nilifurahi kidogo. Nimeliandika hilo kwenye daftari langu, kwa aibu.

Tulipofika kwake, mezani akanisogezea mishikaki yake na ndizi za kukaanga. "Kula, mdogo wangu, wewe daktari hakukutaja." Nikala zote. Mara shemeji akaingia na sufuria ya lengalenga, mchicha mtupu bila mafuta, alizozipika mwenyewe, akampulizia mkewe kijiko cha kwanza. Nikasukuma kando sahani yangu tupu.

Wewe hujawahi kunichemshia hata maji. Narudi Ijumaa. Siumwi popote, lakini nikute lengalenga mezani.

Akupendaye hata hivyo,
Mama Neema