Daftari Zangu za Soko la Kombani

Waa,
Alhamisi, 13 Oktoba 1966.
Asubuhi kuna manyunyu, upepo hakuna.

Kaka Matano,

Shikamoo. Sisi tu wazima, mbuzi amezaa mapacha, na gazeti la chuo chenu limefika. Mama alitaka niwasomee majirani jinsi utafiti wako juu ya soko la Kombani ulivyoshinda tuzo ya masomo ya biashara. Nikawatafsiria. Nilipofika kwa yule mchuuzi aliyeteleza topeni akaiuza mihogo yake papo hapo alipoanguka, Bi Mwanapili aliruka.

"Ala! Si mimi huyo? Na Matano alikuwa Nairobi! Aliyesimama na kalamu akinicheka ni huyu Mwanaima!"

Kaka, likizo ile uliazima daftari zangu ukasema unataka kujisomea tu, kisha ukanirudishia. Miaka miwili nimekwenda soko lile kila wiki, jua na mvua, nikiandika. Hata tarehe hukuzibadilisha! Na jina langu halimo popote.

Mama ananiambia, "Msitiri nduguyo. Wewe utaolewa." Lakini fomu yangu ya kujiunga na chuo hichohicho inataka kazi niliyoifanya mwenyewe, nami sina nyingine. Nikiipeleka sasa, mwizi nitakuwa mimi.

Basi Jumatatu nitamtumia mwalimu wako daftari zote tatu, kwa mwandiko wangu. Mwambie wewe mwenyewe kabla hazijamfikia.

Mama anakusalimu sana. Hajui ninaloliandika.

Nduguyo,
Mwanaima