Medaye za Gatera, Kimya ya Daphrose

Masisi, mwezi wa saba, 1953

Kwako dada yangu Emérita, kule Hombo,

Jambo sana, dada. Jambo na bwana yako, jambo na batoto, jambo hata na ule jirani yako wa kuuza chumvi, ingawa mizani yake ilinikosea. Muko bazima? Mugongo yako iliacha kuuma? Bantu ba kutoka Walikale banasema joto ya kwenu inapika muntu kama ndizi mu majivu. Siye huku tuko bazima, Mungu asifiwe, baridi tu. Mvua inanyesha tangu asubui. Samahani, dada, niseme "maji ya juu", nisikulazimishe kusoma neno yenye midomo yako haitajake. Baba mukwe yako, mwenye jina ya ile maji, alikufa zamani na weye ungali unazunguka jina yake kama kuku anazunguka moto. Nilicheka peke yangu hapa, kalamu ikaanguka.

Habari zingine: ng'ombe yetu ya paji nyeupe ilizaa. Mama Adelaïde aliteleza mu matope mbele ya kanisa na nguo yake mupya, akasema ni shetani, lakini siye bote tuliona ni viatu. Sidonie aliachana na bwana wake, kisha bakarudiana, sasa banagombana kama mbele. Iko sawa.

Sasa tuingie mu maneno yenyewe. Barua yenu ilifika kwa Gatera, jirani yetu wa juu ya kilima. Balimusomea mbele ya bibi yake Daphrose na binti yao Laurence: ya kwamba Straton mutoto wenu hataoa tena Laurence, juu Nzabonimpa bwana yako hawezi kupeleka ng'ombe ya mahari mu lupango, mu boma ya soda, askari mwenye kukimbia vita. Gatera alisikiliza mpaka mwisho, akakunja barua, akaenda kukamua. Laurence njo alilia, na alilia muzuri, mpaka siye ba chini ya kilima tukasikia.

Dada, weye uliolewa ukaenda, kwa hiyo nikukumbushe vile ile maneno ya kukimbia ilizaliwa. Wakati ya vita ya bazungu Gatera aliingia soda, akaacha Daphrose na mutoto mudogo. Alienda mpaka Abisinia. Alirudi na muguu wa kuchechemea na hadisi nyingi, lakini kifua yake ilikuwa wazi, hakuna nishani, hakuna medaye hata moja, na bantu balianza kuuliza. Kisha akashuka Walikale kutafuta kazi, na wakati iko kule, pulisi moja alipanda huku na karatasi, anamutafuta. Siye tulikuwa ng'ambo ya bonde, tunalima maharagi. Sauti haikufika, macho tu. Tuliona pulisi anasoma karatasi. Tuliona Daphrose anainuka, anavuta kitambaa mpaka ku uso, anageuza mugongo, anaenda nyuma ya nyumba. Pulisi alingoja, akauliza tena, akachoka, akashuka.

Basi siye tukasema: muntu hana kitu ya kuficha, anafunika uso juu ya nini? Huyu Gatera alikimbia vita, na sasa banamutafuta. Na maneno ya kilima yetu unaijua, haikosake miguu. Ilishuka Kashebere, ikapanda kamio ya mizigo, ikafika Hombo mbele chumvi ifike.

Miaka ikapita. Sasa mwaka huu, ku ubatizo ya mutoto wa Valérie, alikuya mugeni moja wa upande wa Kashebere, jina yake Evode. Soda wa zamani naye. Alivaa koti nyeusi na medaye mbili, na hakukaa mahali jua haifike, uelewe. Pombe ilikuwa bado haijaonjwa muzuri wakati alimuona Gatera. Aliruka, akamukumbatia, akalia kama mama. Kisha akamugonga ku kifua na kumuuliza, medaye zake iko wapi? Alizikula? Alizipiga mu supu?

Gatera akajibu hakupewaka. Evode alikasirika. Alituambia siye bote, na sauti ya kuita ng'ombe, ya kwamba jina ya Gatera iliitwa mbele ya mustari wa basoda: medaye moja ya bote benye kupanda mulima ya Saio, na ingine yake peke, juu alibeba sarja, mukubwa wake, mu mugongo na kuvuka naye mutoni, risasi inaanguka kama mahindi mu sufuria. Lakini ile siku Gatera alikuwa hospitali na ule muguu. Bakubwa balisema zitamufuata mpaka kwao. Kumbe Gatera miaka yote alizani balimusahau tu, na yeye iko muntu wa kujivuna, hawezi kwenda kuomba.

Ile siku bantu banane hivi balianza kusema balijuaka tangu zamani Gatera ni shujaa. Miye pia nilisema. Lakini Mama Adelaïde akasema medaye ya mudomo haivaliwe, livre, ile kitabu ya soda ya Gatera, haina neno yoyote ya medaye, na Evode ni rafiki yake, anaweza kumupamba. Ukweli, alisema muzuri. Bila biro ya serikali kuandika mu ile livre na kupiga tampo, muhuri yake, Nzabonimpa angesema hivyo hivyo, na Laurence angebaki bila bwana.

Basi Gatera na Evode balienda ku Teritwari, ku ile biro yenyewe. Bwana Administrateri, muzungu mukubwa wa pale, alikuwa mu safari, na wakati iko mu safari karani njo anakuwa Mungu mudogo. Karani wetu wa sasa ni muntu wa mbali, wa kule ku muto mukubwa, anasema Lingala mu pua. Si mubaya, lakini anapenda bantu bangoje. Alitafuta, akaona kweli medaye zilifikaka Masisi na zikarudishwa. Jibu yenye pulisi alileta ilikuwa hii: ule Gatera hapa haiko, bibi wa lile lupango aliulizwa kama bwana wake ni mutoto wa ule baba mwenye kuandikwa, na bibi alikataa. Bagatera bako wengi, alisema karani. Kama weye njo ule, bibi yako akuye hapa, afute ile yenye alisema.

Gatera alirudi, akamuomba Daphrose ashuke naye. Hakumugombeza. Alimuuliza tu kama alimukataa kweli mbele ya pulisi. Daphrose akasema hakumukataa. Asubui yake tulishuka bote, miye na kibuyu yangu ya maziwa, juu kama kuna maneno ku biro na miye siko, nani atakuandikia?

Mu veranda ya biro tulikuwa wengi: ba mama ba maziwa, ba kodi, ba kesi. Karani alimukalisha Daphrose ku benchi, akamuuliza, mama, baba ya bwana yako anaitwaka nani? Daphrose akaangalia chini. Akauliza tena. Daphrose akasema: ni Mwenye Lupango. Karani akasema hiyo haiko jina. Daphrose akasema: ni Muzee wa Kilima. Karani akapiga meza, akasema kwa Kilingala, mama, loba! Sema! Daphrose akafunga mudomo, njo basi.

Siye ba mama tulianza kuangaliana. Kumbe, dada! Kumbe njo hiyo! Siye bote benye kuolewa huku tunajua bibi hataje jina ya baba mukwe, akiwa muzima ao mufu, hata kisu ikiwa ku shingo. Na hakuna moja yetu alifikiri juu yake, miaka yote hii, juu tuliona na macho bila kusikia. Pulisi alisimama mu lupango na kuita jina ya marehemu kwa sauti, na kumuuliza Daphrose kama ni kweli. Angejibu nini? Na kisha Daphrose alituambia kitu ingine: aliogopa. Alizani karatasi ile inakuya kumurudisha bwana wake ku vita. Wakati pulisi alishuka, aliona heshima na bahati vimepita mu njia moja, akashukuru Mungu, akanyamaza.

Evode alikuwa anatoka jasho. Akamuomba, mama Laurence, neno moja tu, neno moja na binti yako anaolewa! Daphrose akaanza kulia bila sauti. Niliona midomo yake inatikisika, na nilizani ataisema, na niliogopa kidogo, siyui juu ya nini.

Njo pale Gatera alisimama. Kwa ule muguu, kusimama kwake inachukua wakati. Akamuambia karani aache. Akasema ile jina alienda nayo mpaka Abisinia na akarudi nayo, na hataki bibi yake aikanyage juu ya kipande ya chuma. Kama Laurence haolewe Hombo, ataolewa fasi ingine. Akamushika Daphrose mukono, akamuambia twende, ng'ombe inangoja. Hawajagusanaka mbele ya bantu hawa bawili, dada. Hata Sidonie aliweka kibuyu yake chini.

Karani alivuta pumuzi, akachukua karatasi ili afunge maneno, na vile iko kazi yake, akasoma kwa sauti, mbele ya veranda yote: Gatera, wa Masisi, soda wa zamani, mutoto wa Rutayisire.

Daphrose alikuwa amekwisha kufika ku ngazi. Akasimama. Akavuta kitambaa mpaka ku uso, akatoka mu njia, akapiga hatua pembeni ya ukuta na kugeuza macho, namna ile mukwe anapisha baba mukwe. Vilevile kama ile siku ya pulisi. Vilevile kabisa! Tofauti tu, siku ile tulikuwa mbali.

Karani akauliza, huyu mama anaenda wapi? Unanijua, siwezi kunyamaza. Nikamuambia haendi mahali, anapisha baba mukwe. Akaangalia njia, akasema hakuna muntu. Nikamuambia, baba karani, si weye njo umemuita?

Veranda ilicheka mpaka maziwa ya Sidonie ikamwagika. Karani hakucheka kwanza. Alimurudisha Daphrose ku benchi, akatafuta ujanja wake. Akasoma: Gatera, mutoto wa Kabera. Daphrose akabaki, anafuta pua. Akasoma jina ya muzee ingine. Hakuna kitu. Kisha akasoma haraka haraka ile ya kweli, na Daphrose akainuka kama muntu anasikia Injili ku misa, kitambaa ku uso. Ba mama bote ba veranda balisema njo hivyo, ni huyo, andika. Karani naye mwishoni alicheka, akasema kwao muntu anatajaka baba mukwe na anamuombaka samaki. Aliandika ushahidi ya Evode, akachukua kidole ya Daphrose ku wino, na hakumulazimisha kutaja.

Jibu ilichukua wakati, lakini ilikuya. Juma iliyopita Bwana Administrateri alimuita Gatera mbele ya bendera. Mu livre yake baliandika medaye mbili, tampo juu yake, niliiona na macho yangu, siwezi kusoma Kifaransa lakini tampo naijua. Na zile medaye zenyewe bwana alimufunga ku koti. Koti iliazimwa, ni ya Evode. Gatera alirudi nyumbani na akaenda kukamua nazo vilevile. Ng'ombe ilisikia chuma inalia, ikapiga teke, maziwa yote chini. Alikunywa chai kavu, lakini alikuwa anatabasamu. Mama Adelaïde anasema sasa alijuaka tangu zamani.

Nimebakisha neno moja, dada, na hii sikumuambia muntu hapa, unaweza kushangaa. Jana Laurence alikuya kwangu kuazima mortari ya kutwanga. Nikamuuliza tu, kumuchokoza: binti yangu, baba ya Straton wa Hombo anaitwaka nani kumbe, nimesahau? Unajua zamani, mbele ya uchumba, alikuwa anasema "Papa Nzabonimpa" bila shida, alisema hata mu kanisa. Jana alivuta kitambaa ku uso, akageukia ukuta, akasema: "Ni Papa wa Hombo." Nikamuuliza tena. "Papa wa Hombo, mama Vestine." Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu siku Straton alimuomba. Wakati bwana yako alikuwa anamukataa kule, yeye huku alikuwa anamupisha mu njia, peke yake, bila muntu kuona.

Basi barua hii nimemupa dereva wa kamio, nimemuambia asiiweke karibu na samaki. Salimia batoto bote, salimia mugongo yako, salimia bale ba soko. Gatera na Daphrose banawasalimia bila kinyongo. Laurence anakusalimia weye Mama Emérita, anasalimia Straton, na anasalimia sana, sana, ule ingine hawezi kumutaja.

Miye ndugu yako mwenye maneno mingi,

Vestine