Jina la Bibi Ghati Katika Habari Zako

Busawe,
Serengeti, Mara.
12 Juni, 2024

Mpendwa mwanangu Nestory,

Marahaba, maana najua ungeniamkia kwanza. Hujambo huko Ujerumani? Baridi imepungua? Na kifua je? Huku bibi yako Ghati ni mzima, ila magoti. Dada yako Elieth mzima, mwanawe Simoni ameota meno mawili. Shemeji yako Daudi yuko Natta, kwenye kambi ya watalii, naye mzima. Mimi pia ni mzima, ila kuna jambo linanisumbua, na ndilo lililoniandikisha barua hii.

Jumapili tulipotoka kanisani Elieth alitusomea kwenye simu habari zako zilizowekwa na chuo chako. Kwamba ulisoma msingi hapa Busawe, sekondari Tarime, digrii Dar es Salaam, udaktari hukohuko uliko. Kwamba wewe ni profesa wa historia, unachunguza wanawake wa Mara waliooa wanawake wenzao ili nyumba zao zipate wana. Bibi akapiga kigelegele. Kisha Elieth akasoma: mtoto wa Felix, mchimba dhahabu wa Nyamongo.

Bibi akauliza, "Huyo Felix alileta ng'ombe gani hapa?" Elieth akacheka. Mimi sikucheka. Bibi akaongeza, "Anatafuta wanawake wa kaburini, na mimi niko hapa nakunywa uji."

Mwanangu, kosa lilianza kwangu. Siku nakuandikisha darasa la kwanza, mwalimu, mgeni wa mkoa mwingine, aliuliza jina la baba. Nikasema Ghati. Akasema hilo ni la mwanamke, nitaje mwanamume au nirudi nawe nyumbani. Nikamtaja Felix. Felix alikuzaa, sikatai. Lakini aliyetoa ng'ombe wa mahari akanioa ni Ghati, na aliyeuza fahali wake wa mwisho uende sekondari ni Ghati. Miaka yote sikumwambia. Nimemwambia Jumapili hiyo. Alinisikiliza tu, hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Vyeti najua ni vigumu kubadilisha. Lakini hayo maneno ya chuoni Elieth anasema mnayaandika wenyewe. Basi andika kwamba wewe ni wa nyumba ya Ghati. Yeye hajui kusoma, ila anataka asomewe mpaka pale jina lake lilipo.

Mvua huku imekata, mtama umesimama vizuri. Mbuzi mweupe amezaa pacha.

Msalimie mkwe wangu Hilaria na mjukuu wangu Nice, mwambie avae soksi. Mama yako mdogo Winfrida anakusalimu sana. Mungu akushike mkono kila unakokanyaga.

Jibu upesi, usingoje likizo. Tangu Jumapili simu ya Elieth ikilia, Bibi anasogeza kigoda karibu. Ukipiga, usianze na mimi.

Ni mimi mama yako, nikupendaye bila kuchoka,
Teresia