Mahali Panapouma

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Naandika nimelala ubavu. Kukaa siwezi. Tangu juzi nikienda haja kubwa ni kama nimekalia kaa la moto, na nikishatoka chooni maumivu hayaondoki.

Nilirudi Garissa wiki jana baada ya kemo ya pili Nairobi. Saratani ya damu, ile kali. Hapa nyumbani hakuna anayeitaja. Hooyo, mama yangu, anasema tu "uchovu wa Weris." Wageni wanakuja, wananiambia nimekonda, wanakunywa chai, wanaondoka.

Leo hooyo kauliza kwa nini natembea hivi. Nikasema mgongo. Mimi, mwalimu wa Kiswahili! Nimefundisha watoto majina ya viungo vyote vya mwili. Kimoja hakimo kitabuni.

Jumanne, 7 Oktoba

Kliniki. Mustafe kanipeleka — kaka yangu mkubwa, dalali wa ng'ombe. Tangu baba afariki, yeye ndiye mdomo wa nyumba hii. Akaingia nami hadi ndani. Daktari ananiuliza mimi, Mustafe anajibu. Anakula? Anakula. Analala? Analala. Wapi kunauma? "Mgongo, huku chini."

Nikasema: chini zaidi ya hapo. Mustafe akageukia ukuta.

Daktari akachungulia mara moja, akasema bawasiri, akavaa glavu anipime kwa kidole. Nikakataa. Nairobi walituonya sote wodini: kemo ikishusha chembe nyeupe za damu, kisiingizwe kitu huko nyuma. Si kidole, si kipimajoto, si dawa. Mchubuko mdogo tu, vijidudu vimepata mlango. Nikamweleza haya yote. Akacheka, akazungumza na Mustafe juu ya kichwa changu: dada yako ni mwoga, hakuna uvimbe, hakuna usaha, atakuwa sawa. Kisha akaandika dawa ya kuingiza huko huko nilikokataza.

Na Mustafe akamshukuru. Akamshika mkono, akamshukuru.

Dawa nimeitupa chooni.

Jumatano, 8 Oktoba

Homa. Natetemeka chini ya blanketi, na nje jua linachoma mabati.

Nikampigia Hani, muuguzi wa wodi yetu kule Nairobi. Kwenye simu hakuna uso wa kutazamana nao. Nikasema yote. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha: "Weris, usaha ni chembe nyeupe zilizokufa vitani. Wewe huna hata za kupeleka vitani. Huo usaha utatoka wapi? Usingoje uvimbe. Nenda hospitali sasa, uwekewe antibiotiki za mshipa."

Hakuna usaha, atakuwa sawa! Mjinga yule. Na glavu zake.

Mustafe hashiki simu. Ni siku ya soko la mifugo, hata nyumba ikiungua hashiki. Akaja eddo Faduma, dada ya baba, na shauri lake: kuna mzee anachoma kwa chuma cha moto, alimponya mkwe wake. Hooyo akamtazama kama mtu anayelipima neno. Nikasema atakayeleta chuma humu ndani nitamchoma nacho yeye kwanza. Sijawahi kumjibu eddo hivyo. Akachukua mkoba wake akaenda zake.

Hooyo akavaa jilbabu, akaita tuktuk. Nimesafiri nimepiga magoti sakafuni, nimekumbatia kiti. Kila shimo la barabara — basi, sitaki hata kuandika.

Alhamisi, 9 Oktoba

Wodi ya wanawake. Dripu mkononi.

Jana tulipofika nilipokewa na daktari msichana, Dkt. Diba, mtu wa Wajir. Kabla hajaanza, Mustafe huyo, anahema, viatu vimejaa mavi ya ng'ombe. Daktari akaniuliza wapi kunauma. Mustafe akajibu: "Tumbo."

Tumbo!

Nikasema: mkundu. Mkundu wangu unauma, na nitakufa kwa ajili ya heshima yenu.

Mama wa kitanda cha pili akavuta shuka usoni. Mustafe akatoka.

Dkt. Diba hakushtuka. Akavuta pazia, akatazama kwa tochi, hakuingiza kidole. Ngozi nyekundu, akasema, na imeanza kuwa ngumu. Akapiga simu Nairobi. Wamekubaliana: antibiotiki za mshipa, kukalia maji ya chumvi ya uvuguvugu, kisu wasikikimbilie. Lakini nihamishiwe Nairobi mapema, hali ikibadilika hapa hawataweza.

Leo hooyo kaniambia lile neno nisilirudie. Nikamuuliza: niseme lipi basi? Akanipangusa uso, akakunja kitambaa, akakikunjua. Kisha akasema, "Nilipokuzaa wewe nilichanika. Mwaka mzima sikuketi sawasawa. Sikumwambia mtu."

Jana nilikuwa na hasira moja. Leo ninazo mbili.

Ijumaa, 10 Oktoba

Sikukuu ya Mazingira, tena Ijumaa. Hospitali tupu. Homa imepanda. Asubuhi Dkt. Diba ameona doa jeusi kwenye ngozi, na uso wake umebadilika. Nairobi leo, amesema, si kesho. Ila ambulensi imekwenda Modogashe, lori la mbuzi limepinduka na watu juu yake.

Adeer Kerrow, mdogo wake baba, yuko mjini na Landikruza lake. Ametoka Elwak, baada ya swala anaendelea Nairobi. Gari limejaa wazee.

Mustafe amerudi. Hakunisalimu. Amesimama dirishani anampigia adeer, na adeer huongea kama anaita ngamia, kila neno nalisikia hapa kitandani. Anasema kama ni tumbo wanipe dawa, atanipitia wiki ijayo. Hawezi kushusha wazee njiani kwa sababu ya tumbo la mwanamke.

Kumbe hata kwa adeer alisema tumbo.

"Si tumbo, adeer," Mustafe amesema.

"Basi ni nini?"

Mustafe amenigeukia. Ananitazama nimsaidie. Simsaidii. Neno analijua, wodi nzima inalijua. Hooyo ameacha kuvuta tasbihi. Adeer anaita, alo, alo, Mustafe, anaumwa nini mtoto wa kaka yangu, na Mustafe amefungua mdomo. Naacha kuandika, nimsikie.