Cheti cha Kwinini ya Salumu

Jumatano, adhuhuri. Jua kali, upepo wa kusi, vumbi mpaka ndani ya kidau cha wino.

Nimekosea, na anayeumia si mimi.

Anaumia Salumu, mkulima wa mpunga, jirani yangu hapa Kibiti. Homa yake imeingia wiki ya tatu. Kwinini, dawa ya homa, iko kwenye boma la Wajerumani tu, ng'ambo ya Rufiji, na mgawa dawa hatoi bila cheti cha jumbe wa kijiji cha mgonjwa. Jumbe wetu aliingia msituni vita na Wajerumani vilipoanza. Mwenye kalamu nimebaki mimi, niliyetumwa na gazeti la Dar es Salaam kuandika habari za vita hivyo.

Ijumaa alinijia mkewe, Bi Mwanahawa. Nilimuuliza kuhusu maji ya Ngarambe, ambayo Salumu alikwenda kuyanywa pamoja na wenzake.

"Yale ni ya kuzuia risasi, baba. Homa ina bunduki?"

Akaniomba niandike cheti kwa jina la jumbe. Nilikataa. Kazi yangu ni kuandika nilichokiona. Niliandika kwamba Salumu anaumwa, nimemwona kwa macho yangu, na jumbe hayupo kijijini. Nikatia sahihi yangu.

Niliipenda barua ile.

Bi Mwanahawa amerudi leo asubuhi, miguu imevimba, mikono mitupu. Mgawa dawa alisoma mpaka "jumbe hayupo", akamrudishia karatasi. Kijiji kilichokimbiwa na jumbe kinahesabiwa cha waasi, na waasi hawapewi dawa.

"Mwandishi wee, nani alikuuliza jumbe yuko wapi?" aliniambia. "Nilitaka dawa, wewe ukanipa habari."



Nilikwenda kumtazama Salumu. Anatetemeka chini ya mikeka miwili, kipande cha mwanzi chenye maji ya Ngarambe bado kiko shingoni. Alinitambua. Aliuliza kama dawa imefika.

Nimeandika cheti kingine, mistari mitatu, kwa jina la jumbe, kana kwamba amerudi kijijini. Ni uongo wangu wa kwanza kwa wino. Alfajiri nitakipeleka mwenyewe, maana Bi Mwanahawa kule bomani wameshamjua sura. Wakigundua, wanifunge mimi.

Kwenda na kurudi ni siku nne. Kama Salumu atangoja, hilo siliandiki.

Sijaliona.