Mkono wa Kushoto wa Herman

Mhunze, Kishapu,
Shinyanga.
14 Juni 2025

Mpendwa Nelly, mwanangu,

Marahaba! Shikamoo yako niliisoma mara mbili kwa kuipenda. Hujambo lakini? Baridi ya Ujerumani ilikuachia vidole? Sisi tu wazima, ila mgongo wangu unalalamika kila tukivuna pamba. Baba yako anakula na anabisha, basi jua ni mzima.

Haya, zile nyimbo zake sita za jazi ulizozipiga peke yako kwa piano zilifika kwenye simu. Uliniomba nimsikilizishe, kisha nimwulize kama anaridhia uzitoe watu wazisikie. Niliogopa, nisikufiche. Unamjua kaka yangu: hajagusa gitaa miaka kumi na tisa, na redio ikipiga jazi anaondoka.

Jumapili baada ya misa mume wangu Ignas akaleta spika. Wimbo wa kwanza ulipoisha, kaka akasema, "Huu wa kanisani. Tarumbeta iko wapi? Wenzangu wako wapi? Hapana." Akachukua kofia akaenda kwa ng'ombe. Nilikuonea huruma mwanangu, yeye nikamnunia mpaka jioni.

Jumatatu nikaziweka tena, makusudi kabisa, huku napepeta choroko uani. Yeye anajifanya anatengeneza baiskeli. Ulipofika wimbo wa nne, mkono wako wa kushoto ukawa unachelewachelewa kidogo. Akaacha baiskeli. "Bebe, rudisha," akasema, akiniita jina langu la utotoni. Nikarudisha mara tatu. Akakaa chini palepale kwenye makapi, akalia. Nelly, sijamwona akilia tangu tulipomzika mama.

Wewe ulizisikia kwenye kaseti, hukujua unamfuata nani. Huyo, ndivyo alivyonieleza baba yako, ni Herman, mpiga gitaa la rithimu wa bendi yao. Alikuwa na mtindo wa kuchelewesha, wachezaji wakiupenda, baba yako akichukia. Siku moja kule Runzewe akasimamisha wimbo, akamwambia Herman mbele ya watu aende kwanza akajifunze kuhesabu. Herman akaweka gitaa chini, akaenda kuchimba dhahabu Rwamgasa. Mwezi haukuisha, shimo likamfukia.

Ulikuwa na miaka sita. Tulikwambia baba amechoka na muziki, na sisi wenyewe tuliamini hivyo. Kumbe miaka yote hiyo alikuwa na lile neno kifuani. Nilimsema sana kwa ukali wake, sasa najuta.

Jana kaniletea karatasi na kalamu. Simu hataki, anasema maneno haya yaandikwe. Anaridhia, ila jina la Herman likae juu ya jina lake. Na wimbo wa nne urudie kuupiga, kwa sababu mwishoni umeharakisha. Amesema, "Mwambie amngoje Herman."

Ignas anakusalimu sana, na Agnetha wa jirani anauliza utaolewa lini. Mimi sikumtuma! Mungu akulinde ulale salama, na huko ugenini usikose wa kukupikia uji ukiugua.

Salamu za baba yako sina, maana hayupo. Alfajiri kaondoka kwenda Runzewe kwa Juliana, mjane wa Herman, ambaye baba yako hajawahi kumtazama usoni tangu msiba. Kabeba spika ya Ignas.

Ni mimi shangazi yako nikupendaye bila kuchoka,
Apolonia