Busu Nililolifunika kwa Kiganja

Jumamosi, usiku

Bado nimekasirika, na zaidi ya yote nimejikasirikia mwenyewe.

Filamu ile ya roboti wenye sura za watu niliichagua mimi, kwa ajili ya vijana wa kanisa letu hapa Kaptembwo. Kamati iliitazama kwanza. Roboti walipigwa risasi za uso mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyenung'unika. Lakini roboti msichana alipombusu kijana aliyemficha, mwenyekiti wetu, Mama Kiprono, alishika kichwa.

"Hiyo apana. Hawa bado ni watoto."

"Na kuua je, Mama?"

"Si hizo ni mashine? Wewe na digrii yako utatumaliza na maswali. Funika hapo, ama tuwawekee video ya kwaya."

Nilikubali. Leo mchana, sehemu hiyo ilipofika, niliziba projekta kwa kiganja na kuzima sauti. Ni papo hapo, baada ya busu, ambapo roboti yule anakiri kwamba anaogopa kuzimwa. Nilipoondoa mkono, tayari alikuwa akiburutwa nje. Alipopigwa risasi, vijana walishangilia.

Mdogo wangu Mercy, wa kidato cha pili, hakushangilia. "Kwani alikuwa amefanya nini?" aliniuliza tukitoka. Mimi, ninayebishana na kila mtu, nilimwambia tu tuharakishe nyumbani.

Kamati inahofu kwamba filamu nzima haiwafai vijana. Isiyowafaa ni hii niliyowaonyesha.

Kesho Mercy ataitazama yote, nami nikiwa kando yake. Mama yetu akikataa, basi tutabishana.